Ile video ya Inspekta haikuwa ya kuchekesha

Wasee, hii posti ni ndefu. Kama uko kwa mat na bando inaisha, isevu usome ukifika nyumbani.

Leo nimerudisha video moja kwenye ukurasa wangu. Wale mmenifuata tangu 2023 mnaikumbuka. Ni ya sekunde 15. Mdogo wangu anatoka kioski na pakiti ya maziwa, hapa kwetu Makongeni. Anatembea miguu ikiwa imepanuka, anayumba kushoto, anagonga geti na bega, halafu anaendelea na safari kama mtu ambaye hakuna kitu kimefanyika. Niliiwekea wimbo wa klabu na maneno "Ijumaa imefika mapema Thika." Ilitazamwa zaidi ya mara 200,000. Ndiyo video iliyofanya wengi wenu mnijue, na ndiyo iliyompa jina la Inspekta, kwa sababu mtu aliandika kwa komenti kwamba anatembea kama inspekta aliyemaliza zamu akapitia baa.

Inspekta alikuwa na miaka saba. Kichwani alikuwa na uvimbe mkubwa kama ndimu. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika simu, na nilicheka mpaka picha ikatingika. Ukiongeza sauti unaniskia.

Mwaka huo huo niliifuta. Leo nimeirudisha kwa sababu yeye mwenyewe amekubali, na nitawaambia vile alinijibu. Lakini wacha nianze mwanzo.

Kwanza, mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata huko nilikuwa nasoma biashara. Yale ya kitabibu nimeyaweka hapa niliyauliza, nikayasoma, nikayauliza tena, kwa sababu ukikaa wodini wiki tatu na simu mkononi unajikuta unasoma vitu hukuwahi kufikiria utasoma.

Ilianza shule zilipofunguliwa, Januari 23, 2023. Inspekta alikuwa gredi ya pili. Karibu kila asubuhi anaamka, anakaa kwa kitanda, anatapika. Halafu anakuwa sawa, na hapo ndipo tulidanganyika. Anakunywa chai, anakula mkate, anauliza kama kuna mwingine. Mathe akasema huyu anakwepa shule. Mimi nikasema huyu ni mjanja kutushinda wote.

Ilipozidi tukampeleka kliniki. Ya kwanza ikasema ni amiba. Ya pili ikasema ni taifodi. Duka la dawa likatuuzia dawa ya minyoo. Shosh akasema ni macho ya watu, tena macho ya wale wa kwa simu yangu, akamwombea. Sisemi hivi kuwachekelea. Mtoto akitapika Thika, mara nyingi ni tumbo kweli. Kila mtu alijibu swali aliloulizwa, na swali letu lilikuwa "mbona anatapika?" Hakuna mtu aliuliza "anatapika saa ngapi?"

Februari akaanza kuinamisha kichwa upande mmoja akitazama runinga. Tukadhani ni macho, tukasema tukipata pesa tutamnunulia miwani. Februari 24, Ijumaa, nikachukua ile video.

Kuanzia hapo akawa anaanguka ovyo, analala mchana, analia kichwa kinauma. Aprili shule zikafungwa, mathe akasema labda akipumzika atakuwa sawa. Hakuwa sawa.

Mei 2, siku moja baada ya Leba Dei, mathe alikuwa sokoni na mitumba yake, nikampeleka mimi kliniki ya tatu. Tukapata tabibu mmoja kijana, hata sidhani alikuwa amenizidi miaka mitano. Hakushika tumbo. Aliuliza, "Kutapika kwenyewe ni saa ngapi?" Nikasema asubuhi, akiamka tu. "Akishatapika?" Nikasema anakuwa sawa, anataka chai. Akaweka kalamu chini.

Akamwambia Inspekta atembee juu ya mstari wa vigae, unyayo mmoja mbele ya mwingine. Hatua ya pili akaanguka. Akamwambia aguse pua yake, halafu aguse kidole cha daktari, halafu pua tena. Mkono ukawa unatetemeka na kupita. Akazima taa, akamwangalia ndani ya macho na kale kachombo ka mwanga, jicho moja, jicho lingine, akarudia la kwanza.

"Wewe ndiye mama yake?"

"Mimi ni dada yake."

"Mpigie mama simu. Sasa hivi."

Nikapiga. Halafu akauliza hii mambo ya kuyumba ilianza lini. Nikasema sijui. Nikanyamaza kidogo, nikakumbuka kwamba najua. Najua hata tarehe. Nikatoa simu, nikafungua ile video, na wimbo wa klabu ukaanza kupiga ndani ya chumba cha daktari. Nilikuwa nabonyeza nipunguze sauti, vidole vikakataa. Akaitazama mara tatu. Akaandika tarehe. Akasema, "Asante dada, hii imetusaidia."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Jioni hiyo tukatumwa kufanyiwa CT. Kama hujawahi kuona, ni mashine iko kama mandazi makubwa yenye shimo, mtu analazwa kwa kitanda kinachoingia kwenye shimo. Eksrei inamzunguka kichwa, kompyuta inachukua zile picha zote na kuzikata vipande vipande kama mkate wa kukatwa, unaona kila kipande. Kazi yenyewe inachukua sekunde chache. Nilikuja kusoma baadaye kwamba mtu wa kwanza kabisa duniani kupigwa picha hiyo, Oktoba 1, 1971, katika hospitali moja ya London, alikuwa mama aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo. Aliyeunda mashine ni Godfrey Hounsfield, mhandisi wa EMI, kampuni ile ile iliyorekodi muziki wa Beatles. Mwaka 1979 akapewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye hesabu zake alianza kuzifikiria akifanya kazi hospitalini Cape Town. Na Hounsfield hakuwa na digrii ya chuo kikuu. Hiyo nilimwambia mathe mara moja tu. Sikurudia.

CT ya Inspekta ilionyesha vitu viwili. Nyuma ya kichwa, chini, kulikuwa na kitu hakifai kuwa pale. Na katikati, zile nafasi za maji ya ubongo zilikuwa zimefura.

Daktari wa zamu alituchorea nyuma ya karatasi ya risiti. Ubongo hutengeneza maji yake, mtu mzima karibu nusu lita kwa siku, na maji hayo yana njia ya kupita. Uvimbe ulikuwa umekaa kwenye njia, kama gari limekufa katikati ya barabara ya Garissa. Maji yanaendelea kuja, hayana pa kwenda, presha inapanda. Ukilala usiku kucha presha inazidi, ndiyo maana kichwa kinauma asubuhi na mtoto anatapika akiamka. Na sehemu ya nyuma ya ubongo ndiyo inasawazisha mwili, ndiyo maana alikuwa anayumba. Kila kitu tulichokiona kwa miezi mitatu kilikuwa kwenye mchoro mmoja wa kalamu ya bluu.

Sasa, CT inakuonyesha kuna mgeni. Haikuambii vizuri huyo mgeni ni nani. Daktari wa upasuaji alitaka MRI kabla ya kugusa kichwa, na hospitali tuliyokuwa foleni ilikuwa ya wiki tano. Walimpa dawa za kupunguza uvimbe na presha, lakini dawa hizo ni za kununua muda tu. Tukaenda kwa mtu binafsi. Shilingi 27,000. Bima ya mathe ilikuwa NHIF wakati huo, na ilikuwa na miezi haijalipwa. Kwa akaunti yangu nilikuwa na karo ya semesta, 31,000.

Watu wanapenda kuniambia nilijitoa mhanga. Wacha niseme ukweli. Nilikuwa nimeanguka masomo mawili na nilikuwa nimeshachoka na chuo. Ile pesa ingelipa karo, na bado sijui kama ningemaliza. Lakini pia sitaki kusema haikuniuma. Nilitoa ile pesa, nikabaki na 4,000, na nilijua pale kwa foleni ya malipo kwamba sirudi.

MRI ni kitu kingine. Haitumii eksrei. Ni sumaku, yenye nguvu makumi ya maelfu ya mara kuliko sumaku ya dunia. Kabla ya kuingia, unaulizwa kila kitu: sarafu, zipu, hereni, kama umewahi kuwekwa chuma mwilini. Mwili wetu umejaa maji, na ndani ya maji kuna haidrojeni. Sumaku inazipanga zile chembe za haidrojeni, mawimbi ya redio yanazisukuma, zikirudi mahali pake zinatoa ishara, na kompyuta inageuza ishara kuwa picha. Kelele yake ni kama mtu anagonga mabati karibu na jenereta. Inachukua nusu saa na zaidi, na ukitingika picha inaharibika, kwa hivyo mtoto mdogo hupewa dawa ya kulala. Inspekta alilala akiwa ameshika kidole changu. Nikaambiwa nikitoe.

Kilichonishangaza ni kwamba mashine ile ile inaweza kuuliza maswali tofauti. Kuna skani inayopima vile maji yanavyotembea katikati ya seli. Fikiria soko la Madaraka Jumamosi asubuhi, huwezi kupiga hatua mbili bila kugongana na mtu. Halafu fikiria uwanja wa shule wakati wa likizo. Uvimbe ambao seli zake zimebanana, kama ule wa kutisha unaitwa meduloblastoma, maji ndani yake hayatembei vizuri. Uvimbe wa taratibu unaoitwa astrositoma ya pilositiki una nafasi, maji yanatembea. Kwa hivyo kabla ya kisu, picha inaanza kukuambia unapigana na nani. Huko Uingereza, watafiti wa Birmingham na Warwick wamefundisha kompyuta kutumia skani za namna hiyo kutofautisha aina tatu za uvimbe zinazopatikana sana nyuma ya ubongo wa mtoto: hizo mbili na nyingine inaitwa ependimoma. Jibu la mwisho bado ni kipande cha uvimbe chini ya hadubini. Lakini daktari anaingia chumba cha upasuaji akiwa na ramani.

Ramani ya Inspekta ilionyesha mfuko wa maji na kifundo kidogo kinachong'aa pembeni yake. Daktari alimwambia mathe, "Mama, kama ni ile nafikiria, hii ndiyo ungechagua kama ungelazimishwa kuchagua." Mathe alilia zaidi kwa hiyo sentensi kuliko kwa habari yenyewe.

Upasuaji ulifanywa Nairobi, katika hospitali kubwa ya rufaa. Tuliketi nje saa sita na kitu. Majibu ya maabara yalikuja baadaye: astrositoma ya pilositiki, daraja la kwanza. Ukitolewa wote, zaidi ya asilimia 90 ya watoto wanakuwa hai miaka kumi baadaye, pale ambapo matibabu yanapatikana. Ulitolewa wote.

Ni kwa ile wodi nilipofungua tena TikTok. Nilikuwa na siku nyingi sijaingia. Nikapitia zile komenti za ile video, sijui nilikuwa natafuta nini. Nikafika kwenye zile nilizoficha.

Machi 3, mtu mmoja asiye na picha aliandika: "Dada huyu mtoto kichwa kimeinama kwa kila video yako na anatembea vibaya. Sio mzaha, mpeleke aangaliwe ubongo." Chini yake nilikuwa nimejibu, "Daktari wa TikTok ameingia," na vichwa vitatu vya kucheka. Jibu langu lilipendwa na zaidi ya watu 400. Halafu nikaificha komenti yake kwa sababu ilikuwa inaharibu vaibu.

Nilimtafuta nimwombe msamaha. Akaunti haikuwepo tena.

Nilikaa kwa kiti cha plastiki nikahesabu. Kutoka ile komenti mpaka CT ni siku 60. Kutoka asubuhi ya kwanza ya kutapika mpaka CT ni wiki 14.

Sasa skizeni, hii ndiyo sababu ya posti yote.

Tukiongea mambo ya hospitali Kenya, tunaongea mashine. Mwaka 2015 serikali iliingia ule mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali, hospitali 98, kaunti zote 47, na mpaka seneti ikaketi kuuliza pesa zilienda aje. Ni sawa kuuliza. Mimi pia nauliza. Na mashine kubwa zimekuja. Ukitoka Thika kwenda Nairobi unapita karibu na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambako kuna skani ya PET na mtambo wa kutengeneza ile dawa yenye mionzi inayotumika. Dawa hiyo nguvu yake inapungua nusu kila baada ya dakika 110, kwa hivyo huwezi kuiagiza kwa meli kama mtumba, lazima itengenezwe karibu. Aga Khan Nairobi pia wana PET. Huko Mbarara, Uganda, kikundi cha mhandisi Johnes Obungoloch na wenzao wa Uholanzi waliunganisha MRI ndogo mwaka 2022, yenye sumaku dhaifu na bei ya chini, wakifikiria hasa watoto wenye maji kichwani. Picha yake haing'ai kama ya mashine kubwa, lakini maji yakijaa yanaonekana. Na hapa ndani ya Kiambu yetu, Kijabe wanafanya upasuaji wa ubongo wa watoto. Hivi vyote ni vizuri na tunahitaji zaidi.

Lakini hakuna hata moja ya hizo mashine ingekuja Makongeni ipige hodi iseme, samahani, huyu mtoto anatembea vibaya. Skani haimtafuti mtoto. Lazima mtu amshuku kwanza, ndipo mtoto apelekwe. Wiki zetu 14 hatukuzipoteza kwa foleni ya mashine. Foleni ingekuwa ya wiki tano na pesa ikaikata. Zile 14 tulizipoteza nyumbani, kwa kliniki mbili, kwa duka la dawa, na kwa simu yangu.

Na si sisi peke yetu. Uingereza, ambako mashine ziko, watoto wenye uvimbe wa ubongo walikuwa wanachukua kama wiki 14.4 kutoka dalili ya kwanza mpaka kujulikana. Mnaona hiyo namba? Ni kama yetu. Mwaka 2011 wakaanza kampeni inaitwa HeadSmart. Hawakununua skani mpya. Walichapisha kadi ndogo zenye dalili, wakapatia wazazi, walimu na madaktari. Kufikia 2013 ikashuka hadi wiki 6.7. Zaidi ya nusu ya ule muda iliondolewa na kadi inayoingia mfukoni.

Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani wanapona, na nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 walijiwekea lengo la angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo 2030. Wakitaja sababu za hiyo tofauti, kuchelewa kujulikana kwa ugonjwa iko hapo juu, pamoja na kukosa vipimo na kukosa pesa. Mimi kukosa pesa nimekuambia nakujua. Lakini kushuku ni bure.

Najua mtu ataandika, "Sasa unataka kila mtoto akiumwa kichwa apelekwe MRI?" Hapana. Uvimbe wa ubongo ni nadra, na CT ina mionzi, haifai kupigwa ovyo kwa mtoto. Watoto wengi wanaotapika wana tumbo. Kitu nataka ni ile dakika tano ya yule tabibu: saa ngapi, kwa muda gani, tembea nione, gusa pua. Hiyo haihitaji stima. Ndiyo inaamua ni nani anahitaji mashine na nani anahitaji maji ya chumvi na sukari.

Kwa hivyo, hii hapa kadi yangu. Piga picha ya skrini. Mtoto akiwa na hizi, hasa zikiwa mbili pamoja, usikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya minyoo bila kuangaliwa kichwa:

Kutapika kunakoendelea zaidi ya wiki mbili, hasa asubuhi akiamka.
Kichwa kuuma mara kwa mara kwa zaidi ya wiki nne, au kunakomwamsha usingizini.
Kuyumba, kuanguka ovyo, au mkono kuanza kukosa shabaha.
Macho kupinda ghafla, kuona vitu viwili, au kusema haoni vizuri.
Kuinamisha kichwa upande mmoja bila kuacha.
Kubadilika tabia, kulala sana, kushuka shuleni bila sababu.
Kifafa bila joto. Huyo ni wa leo, usingoje.
Mtoto mchanga, kichwa kukua haraka kuliko mwili.

Na kama una video, peleka video. Nasema hivyo kwa sababu simu zetu zimejaa watoto. Tunawachukua wakicheza, wakianguka, wakikula ugali vibaya, na tuna tarehe ya kila kitu. Mama anaweza kusahau kuyumba kulianza lini. Simu haisahau. Mwonyeshe daktari ya Januari na ya Machi, atembee mtoto huyo huyo. Mimi nilikuwa na ushahidi wote miezi miwili kabla, nikauwekea wimbo.

Kitu kingine nimebadilisha: siweki tena mtoto kwenye ukurasa wangu bila kumuuliza, na kama hawezi kuelewa swali, basi simweki. Ndiyo maana sasa mnaona tu sura yangu na ile paka ya jirani.

Inspekta leo anatembea. Mkono wa kushoto bado unatetemeka kidogo akishika kikombe kilichojaa, kwa hivyo tunajaza nusu. Alirudia gredi ya pili na inamuuma kwamba marafiki zake wako mbele. Ana kovu nyuma ya shingo ambalo anawaambia watoto wa ploti ni la papa, na wanaamini, ingawa Thika haina bahari. Bado anarudi MRI kila baada ya muda fulani kuangalia kama kuna kitu kimerudi. Wiki inayoishia siku ya skani, mathe hapiki vizuri. Chumvi inazidi kila kitu. Tunakula tu.

Skani nyingine ni Alhamisi ijayo. Bima siku hizi ni SHA, na mwaka huu mathe analipa kabla ya kulipa nyumba.

Juzi nilimwonyesha ile video kwa mara ya kwanza. Nilikuwa naogopa. Nikamwambia huyu ni wewe, ulikuwa mgonjwa, na mimi sikujua, nikacheka. Nataka kuirudisha ili watu wengine wajue, lakini ukisema hapana, ni hapana. Akaitazama mpaka mwisho. Akairudia.

"Maziwa yalimwagika?"

Nikasema hapana, uliyafikisha.

Akafikiria. "Sawa, weka. Lakini toa huo wimbo. Ni mbaya."

Wimbo nimeutoa. Kicheko changu nimekiacha.

Kama wewe ndiye uliandika ile komenti Machi 3, 2023, na bado uko huku na jina lingine: ulikuwa sahihi, na samahani. Wengine wote, tuma hii kwa mwalimu mmoja na kwa mtu mmoja mwenye mtoto. Alhamisi jioni nitawaambia skani imesemaje.